Naenda Lyon kumuona mjukuu, Kifaransa changu ni cha kuokoteza, nitafika kweli?

Hujambo mwanangu mwenye safu hii,

Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Kigoma, nauza vitenge na dagaa, mume wangu alishatangulia mbele za haki. Binti yangu wa pili ameolewa Ufaransa, wanakaa mji unaitwa Lyon, na Mungu akijalia mwezi ujao anajifungua mtoto wake wa kwanza. Sasa mtoto wa kike anajifungua ugenini hana mama wala shangazi, mi nitalala usingizi kweli? Nimeamua naenda. Viza imetoka, mkwe kalipa nauli, mpaka hapo sina neno.

Shida ni kwamba ndege inanishusha Paris sio Lyon. Nikishatoka kwenye ndege napanda treni ya kasi hapohapo airport, wanasema ni masaa mawili mpaka Lyon, na mkwe atanipokea stesheni ya huko. Kuja Paris hawezi, maana siku hizo binti atakuwa ameshakaribia kabisa na hataki kumwacha peke yake, na mimi mwenyewe nimemwambia asithubutu. Kwa hiyo hapo katikati niko peke yangu na mabegi mawili.

Nimepakua apu ya kujifunza Kifaransa kwenye simu, sasa hivi najua kusema paka anakula tufaha, na mvulana anakunywa maziwa, ila namna ya kuuliza treni iko wapi bado hawajanifikisha. Hapa mtaani kuna mama mmoja wa Uvira, Kongo, ananisaidia jioni tukishafunga biashara, lakini kuna siku ananivuruga zaidi, yeye sabini anaita septante, apu inasema soixante-dix, sasa sijui nimuamini nani kati ya mtu na simu.

Kaka yangu mkubwa ndo kanimaliza kabisa. Anasema mtu wa umri wangu hawezi kuingia Ulaya peke yake bila lugha, nitapotea, eti bora mwanae wa kiume anisindikize, nauli atatoa nani hasemi. Binti naye anasema niombe kiti cha magurudumu airport ili nisukumwe mpaka mwisho, mimi miguu yangu mizima napanda na kushuka mwalo wa Kibirizi kila siku, naona aibu. Nimeenda Bujumbura na Uvira na mzigo miaka na miaka sijawahi kupotea, lakini kweli huko Kiswahili kipo, na pale nitakapokwama sina wa kumwambia. Naomba uniambie ukweli usinibembeleze, nijifunze nini kwa huu mwezi mmoja, na je nitafika?

Bibi Mtarajiwa, Kigoma

JIBU

Shikamoo mama, na hongera ya mjukuu nakupa mapema.

Utafika. Wala sikubembelezi, mtu aliyezoea kuvusha vitenge mpakani huku anahesabu mzigo kwa jicho moja na dereva kwa jicho la pili ana zaidi ya nusu ya kinachotakiwa, kilichobaki ni maneno machache sana, na hayo maneno sio yale ya kwenye apu. Hiyo apu iache kwanza, paka na tufaha lake utawakuta ukirudi. Mwezi mmoja hautoshi kuongea Kifaransa na usijitese kwa hilo, ila unatosha kabisa kwa kazi mbili: kusoma maneno ya kwenye mabango, na kuuliza maswali ambayo jibu lake ni kidole.

Nieleze hapo kwenye kidole maana ndipo watu wengi wanapokwama. Vitabu vyote vinakufundisha kuuliza "Où est la gare?", yaani stesheni iko wapi. Swali zuri, utalitamka vizuri, na yule mtu kwa vile umelitamka vizuri atadhani unajua lugha na atakumwagia maelezo ya dakika nzima, panda juu, vuka, pita duka la magazeti, shuka, kisha kushoto ila sio kushoto ya kwanza. Wewe unabaki umesimama unaitikia wi, wi. Kwa hiyo usiulize wapi. Nenda mahali unapodhani ndipo, kisha uliza kama ndipo. "C'est ici, le train pour Lyon Part-Dieu?" Ni hapa, treni ya Lyon Part-Dieu? Jibu ni oui au non, ndiyo au hapana, na akisema non basi unaongeza la pili: "Vous pouvez me montrer?", unaweza kunionyesha? Hapo atanyoosha mkono, na mkono hauna Kifaransa.

Matamshi sasa. Sisi tuna bahati moja, ile ng' ya ng'ombe. Wafaransa maneno yao mengi yanaishia puani, na ukiweka ng' nyepesi mwishoni bila kuikazia wanakuelewa. Kwa hiyo Lyon sema Liong', train sema treng', pardon sema pardong'. Ile j yao ni kama sh yetu ila koo linatetema, jaribu kusema sh huku unavuma kama nyuki utaipata, mimi hapa naiandika zh. Swali la kwanza linakuwa set isi le treng' pur Liong' Par-Dye, la pili vu puve me mong'tre. Yatamke kwa yule mama wa Uvira mpaka acheke aache.

Lakini hakuna swali hata moja la kuanza nalo kabla ya bonjour, hili naomba ulishike kuliko yote. Watu wanalalamika Wafaransa wana viburi, hawajibu, wanakukata jicho, na mara nyingi ukifuatilia unakuta mtu kamvamia mwenzake na "train Lyon, train Lyon" bila salamu. Wewe mtu wa Kigoma hili huhitaji kufundishwa, hakuna mtu mzima kwenu anayeingia dukani na kuuliza bei bila habari za leo. Kule ni hivyohivyo, hata dereva wa basi anasalimiwa. Unasema "Bonjour madame" au "Bonjour monsieur", unasubiri akujibu, ile kusubiri ni muhimu usiiruke, ndipo unaweka swali na mwishoni s'il vous plaît, sil vu ple, yaani tafadhali. Ikishaingia jioni inakuwa bonsoir. Ukianza hivi hata ukiharibu kilichobaki atakuvumilia.

Na kama hujaelewa usiitikie. Sisi tuna ile adabu ya kusema eeh, eeh, sawa, ili mtu asijisikie vibaya, kule itakupeleka Marseille. Toa karatasi na kalamu, mpe, mwambie "Vous pouvez l'écrire?", vu puve lekrir, aandike. Namba hasa. Sikiliza hizi: deux ni mbili, douze ni kumi na mbili. Six ni sita, seize ni kumi na sita. Kwenye kelele za stesheni zinafanana sana, na nitakuonyesha sasa hivi kwanini mbili na kumi na mbili zikichanganywa ni balaa.

Tuitembee hiyo safari. Umetoka kwenye ndege Charles de Gaulle, ndo airport ya Paris, fuata watu mpaka kwenye paspoti. Hapo weka mkononi, sio ndani ya begi la chini, ile attestation d'accueil, karatasi ya mwenyeji wako ambayo mwanao aliichukua mairie, ofisi ya mji wao, na bima, na tiketi ya kurudi. Akikuuliza umekuja kufanya nini sema "visite familiale", vizit familiyal, na umtolee karatasi. Chukua mabegi yako, kisha tafuta mabango yenye picha ya treni na neno Gare. Stesheni ya TGV, ndo hiyo treni ya kasi, iko Terminal 2. Kama ndege imekushusha Terminal 1 kuna kitreni kidogo kinajiendesha chenyewe kinaitwa CDGVAL, hakina nauli, kinakupeleka huko. Hapa ndipo watakuja vijana wanakuita taksi madam taksi, hao usiwajibu hata salamu, ni hao tu.

Kuna kitu kingine hapo cha kukuchanganya. Chini pale kuna treni za aina mbili, RER na TGV. RER B ni treni ya kwenda Paris mjini, wewe huihusu. Nasema hivyo maana mtu akisikia unaenda Lyon anaweza kukuelekeza Gare de Lyon, na Gare de Lyon haipo Lyon, ni stesheni kubwa ya Paris katikati ambako treni za kwenda upande wa kusini huwa zinaanzia. Halafu kuna Lyon Saint-Exupéry, hiyo ni airport ya Lyon, nayo ina stesheni yake ya TGV na iko nje ya mji. Ya kwako ni Lyon Part-Dieu. Usiseme Lyon peke yake hata mara moja, sema Lyon Part-Dieu kama jina la mtu na ubini wake, na kama treni ikisimama ukasikia neno Lyon bila Part-Dieu usikimbilie mlangoni, tulia kwanza, tazama bango la nje.

Kwenye ukumbi wa stesheni utaona skrini kubwa. Ya bluu imeandikwa Départs, hizo ndo zinazoondoka, ya kijani ni Arrivées, zinazofika, hiyo haikuhusu. Tazama ya bluu, na hapa mama shika sana: usitafute neno Lyon. Treni nyingi zinazopita hapo hazimalizii Lyon, zinaendelea mpaka Marseille au Montpellier, na jina kubwa kwenye skrini ni la mwisho wa safari, sio la kwako. Ni sawa na basi la kwenda Dar, kibao chake kimeandikwa Dar hata kama wewe unashukia Tabora. Unachotafuta ni namba ya treni iliyo kwenye tiketi yako, na saa. Namba hiyo iandike kubwa kwenye karatasi ukae nayo mkononi. Pembeni ya namba kutakuwa na voie, yaani reli namba ngapi, na hiyo wanaiweka kama dakika ishirini kabla, kwa hiyo ukifika mapema ukaona pako wazi usiogope. Ukiona retard treni imechelewa, na mbele yake wataandika dakika. Ukiona supprimé imefutwa, hapo nitafika.

Saa sasa. Hili ni letu sisi Waswahili na hakuna apu itakayokuambia. Mwanao atakutumia voisi WhatsApp, mama treni yako ni saa nane na dakika tano. Sawa kabisa. Tiketi imeandikwa 14 h 05. Ukienda pale dirishani ukatafsiri saa nane ukasema huit heures, kwa Mfaransa hiyo ni saa mbili asubuhi, atakuambia imeshaondoka na utapata presha bure. Masaa usitafsiri. Mwambie mwanao akuandikie tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, na simu yako iweke kwenye mtindo wa masaa 24 kuanzia wiki hii uzoee, ukiona 14:05 moyo usikuruke. Na saa ya ukutani hakikisha umebadilisha, Ufaransa wako nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi, simu huwa inajibadilisha yenyewe ila saa ya mkononi haijui.

Voie imeonekana, unashuka chini kwenye reli. Tiketi yako ina maneno mawili, voiture na place. Voiture hapo ni behewa, usitafute gari, na place ni kiti. TGV ni ndefu sana, na mara nyingi ni treni mbili zimeunganishwa pua kwa pua, ya kwanza ina mabehewa 1 mpaka 8 na ya pili 11 mpaka 18, na ndani huwezi kupita kutoka moja kwenda nyingine. Umeona sasa ile mbili na kumi na mbili? Ukipanda kwenye behewa la 2 na kiti chako kiko la 12, utatembea na mabegi mpaka mwisho ukutane na ukuta. Kwa hiyo hapo kwenye reli kabla treni haijaingia mtafute mfanyakazi, wale wa SNCF, shirika lao la reli, mara nyingi wanavaa vizibao vyekundu, bonjour, muonyeshe tiketi ilipoandikwa voiture, "C'est ici?" Atakupeleka kwa kidole mpaka kwenye herufi. Reli imegawanywa kwa herufi zimeandikwa juu, na kila behewa linasimama kwenye herufi yake, simama hapo kwako usubiri. Milango inafungwa dakika mbili kabla ya muda, hawana mambo ya konda kusubiri mama mwenye mzigo.

Kama TGV yako ni ya ghorofa tazama kama tiketi imeandikwa salle basse, chini, au salle haute, juu. Mwambie mkwe akikata akuchagulie chini, ngazi zenyewe ni nyembamba zimepinda. Mabegi mawili wanaruhusu na kipochi kimoja, kila begi lazima liwe na jina lako, hii ni sheria yao sio mapambo, funga kikaratasi chenye jina na namba ya mkwe. Nyama na maziwa ya aina yoyote usibebe, vinazuiwa mpakani. Na kama kuna dagaa humo, najua wamo, wafunge mara tatu maana madirisha ya TGV hayafunguki.

Ukishakaa, pumzika lakini usilale. Part-Dieu siyo mwisho wa safari, treni inasimama dakika chache inaondoka. Weka alamu dakika ishirini kabla ya muda wa kufika. Utasikia tangazo, lote linakwenda kasi, wewe sikiliza mawili tu, prochain arrêt, yaani kituo kinachofuata, na Part-Dieu. Ukisikia hivyo inuka, mabegi yako yanaweza kuwa mlangoni yamezibwa na ya watu, unasema "Pardon, je descends", pardong' zhe desang', samahani nashuka. Hiyo sentensi moja ni ya dhahabu, kwenye treni, metro, basi, popote palipojaa. Treni ikisimama na mlango haujafunguka bonyeza kitufe chake. Halafu nje fuata Sortie, kutokea, ila ukiona Sortie de secours huo ni mlango wa dharura, usiusukume, alamu italia stesheni nzima ikutazame wewe.

Pale Part-Dieu kuna zaidi ya upande mmoja wa kutokea, na watu wameshatafutana pale mpaka wakagombana kwenye simu, mmoja yuko huku mwenzake huku. Kubaliana na mkwe leo, upande gani, na jina la upande huo liwe kwenye karatasi yako.

Sasa ndege ikichelewa je? Hili ndo la kumwambia mkwe leo jioni kabla hajakata hiyo treni: kati ya ndege kutua na treni kuondoka aache masaa matatu au zaidi, na tiketi iwe ya kubadilishika. Bora ukae stesheni unywe chai unatazama watu. Na ikitokea treni imekuacha au imefutwa, hakuna kulia, nenda dirisha la tiketi au kwa mwenye kizibao, "Bonjour, j'ai raté mon train", zhe rate mong' treng', nimekosa treni yangu, muonyeshe tiketi, na hapohapo mpigie mkwe umpe simu yule mfanyakazi waongee wao. Usinunue tiketi mpya kabla mkwe hajaongea. Kwa ajili hiyo simu iwe na chaji na laini ifanye kazi, na kumbuka soketi zao sio hizi zetu za pini tatu bapa, nunua adapta kabisa kabla hujasafiri, ndani ya TGV kuna pa kuchajia.

Ukiuliza njia kwa miguu kuna jambo moja la kusikiliza kwa makini. À droite ni kulia, tout droit ni moja kwa moja mbele. Tofauti yake ni t ndogo mwishoni, drwat na drwa, na hata waliokaa kule muda wanakosea. Ndo maana narudia, tazama mkono wake usisikilize mdomo.

Septante. Mama wa Uvira yuko sahihi na simu iko sahihi. Wakongo walichukua Kifaransa chao kwa Wabelgiji, na Ubelgiji sabini ni septante na tisini ni nonante. Ufaransa wanasema soixante-dix, sitini na kumi, tisini nao wanaipiga mara nne ishirini na kumi, quatre-vingt-dix, biashara gani hiyo lakini ndo walivyo. Ukisema septante Lyon wanakuelewa bila shida. Tatizo ni kusikia, mtu akikuambia kiti quatre-vingt-douze wewe utaandika nne, ishirini, kumi na mbili, kumbe ni 92. Kwa hiyo sema ya Uvira, na ya kwao waandike.

Ukishazoea, wiki ya pili hivi, utataka kutoka mwenyewe. Lyon mabasi na metro zote ni za TCL, tiketi moja ni kama euro mbili na inatembea saa nzima, ila kila ukipanda gari jipya unaigusisha kwenye mashine hata kama bado ina muda, wanaita valider. Wakaguzi wapo, wanapanda ghafla kikundi kizima, "titre de transport s'il vous plaît", yaani tiketi tafadhali, na hawasikilizi habari ya ugeni. Basi unalipungia mkono kituoni lisikupite, na ukitaka kushuka unabonyeza kitufe, taa inawaka arrêt demandé. Metro D haina dereva kabisa, usishtuke, shukia Guillotière, hapo kuna maduka utapata mihogo na ndizi za kupika, mzazi apate mtori.

Kiti cha magurudumu waachie wasiojiweza. Wewe unapanda Kibirizi. Tena hicho kiti hakitakushusha Part-Dieu, na sehemu yako ngumu iko kwenye treni, sio airport.

Kaka yako mheshimu, mkubwa ni mkubwa, ila yule kijana kumsindikiza mtu viza yake nani anaiombea, na Kifaransa anakijua? Kama hajui basi mtakuwa wawili msiojua na mabegi manne. Mwite kaka jioni moja, mtandikie hiyo karatasi mezani, namba ya treni, voiture, place, Part-Dieu, upande wa kutokea, namba ya mkwe, umsomee hayo maneno yako ya Kifaransa mbele ya yule mama wa Uvira. Akiendelea kukataa baada ya hapo mwambie basi nauli ya mwanae aitoe yeye.